Siku Niliyoletewa Kahawa

Siku mkuu wa ofisi aliponiletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, machale yalinicheza. Ofisi yetu ya mawakili pale Al Sadd, Doha, ilikuwa na mhudumu wa chai, na hata yeye alinifikia mimi mwisho, baada ya Waingereza na Walebanoni, chai ikiwa imeshapoa. Leo mzungu abebe kikombe hadi kwenye kijimeza changu kando ya mashine ya fotokopi? Hapana. Palikuwa na jambo.

Nairobi nilikuwa nimesimama mahakamani kama wakili miaka kadhaa. Doha nikaandikwa msaidizi. Kijana aliyetoka London juzi, ambaye hati zake nilizisahihisha mimi, alipewa chumba chenye jina lake mlangoni. Kila nilipouliza, niliambiwa nivute subira. Nilivuta hadi mikono ikauma.

"Leo utaingia nami kikaoni," mkuu akasema, meno yote nje. "Mambo yakienda vizuri, tutazungumza kuhusu cheo chako."

Kule kikaoni nikaelewa. Ng'ambo ya meza walikaa walinzi watatu Wakenya waliotoka Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, bado wamevaa sare. Walikuwa wamemshtaki mteja wetu, mwajiri wao, kwa kuwazuilia pasipoti zao. Sasa alitaka wasaini kwamba wameifuta kesi, naye aliahidi kwa mdomo tu kuwa atazirudisha. Damu nzito kuliko maji, na mkuu alilijua hilo. Ngozi yangu ndiyo iliyoitwa kikaoni. Sheria yangu ilibaki kule kwenye fotokopi. Nilichukia.

"Zungumza nao kwa lugha yenu," akaniambia.

Nilipowasalimia, nyuso zao zikakunjuka. Mkubwa wao akashika kalamu.

"Aki siz, dada yetu, asante Mungu uko hapa. Wewe ukituambia tusaini, tunasaini."

Nilikitaka kile cheo. Nilikitaka sana, hata pale.

"Kaka, mimi niko upande wa mwajiri wenu," nikamjibu. "Msisaini kwa neno langu. Tafuteni wakili wenu kwanza."

Akaiweka kalamu chini. "Sawa. Basi tunataka wakili."

Mkuu akaniinamia. "Wanasemaje?"

"Wanataka wakili."

Akacheka, akaniwekea mkono begani mbele ya wote. "Kwani wakili si huyu hapa?"

Miaka yote ile, hakuwahi kuniita hivyo hata mara moja.