Kiwanja Kilichosubiri Jumamosi Tatu

Nakumbuka asubuhi ile ya mvua baba yangu aliposhuka kwenye basi la Bunda, hapa Musoma, kitanda chake kimefungwa kamba juu ya keria. Alikuwa amestaafu kazi ya jinari, kiwanda cha kuchambua pamba, aliyoianza kabla ya Uhuru. Ufunguo wa nyumba ya wafanyakazi alikuwa ameurudisha, nyumba ya vyumba vitatu ambamo mama yangu alifia. Kilichobaki ni kitanda, sanduku la bati na viti viwili.

Mwanangu, nilifurahi kumwona akishuka, maana nilikuwa nimeshinda. Yeye alitaka kwenda Nyamuswa, kijijini kwetu, ajenge kijumba cha kumtosha karibu na wenzake wa rika. Mimi ndiye niliyemshawishi aje kwangu, mtaa wa Mukendo. Nilimpa sababu nzuri nzuri: hospitali iko karibu, maji ni ya bomba, na mwanawe wa pekee yuko hapa. Sababu ya kweli sikumpa. Mimi sipendi safari. Hata leo nikitoka sokoni narudi nahema kama nimeogelea kutoka Ukerewe. Wakati ule nilikuwa karani, nimemaliza sekondari, najiona nina akili kuliko mji mzima, na Jumamosi zangu zilikuwa za kukaa nyumbani nimenyoosha miguu. Niende Nyamuswa kila mwezi kumwona mzee? Basi hadi Bunda, halafu usubiri lori, vumbi mpaka kwenye kope! Nikaona ni rahisi mzee ahame kuliko mimi nisafiri.

Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili, ua mmoja, choo kimoja na bafu moja la mabati. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ndani mlikuwa na mke wangu, Nyabise. Wewe wa siku hizi labda hujui, lakini kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, mzee hapiti mlango wa chumba cha mkwe wake, na ni aibu kubwa akutane naye anatoka kuoga. Kijijini hilo si shida, kwa kuwa mzee ana kijumba chake upande wake wa boma. Lakini kwenye ua wa hatua kumi?

Baba hakulalamika. Kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kuoga na kuondoka. Alishuka mwaloni, ufukweni kunakouzwa samaki, akakaa na wauza furu mpaka jioni. Mimi, msomi, nikawatangazia watu wa ofisini, "Mzee wangu kalipenda ziwa, jamani! Kutwa yuko mwaloni!"

Nyabise ndiye aliyenifungua macho.

"Baba Wambura, mzee halipendi ziwa. Ananikimbia mimi. Na mimi namkimbia yeye. Najifungiaga jikoni na moshi wote ule mpaka nisikie ametoka. Tunaishi hapa kama paka na panya, ila wote wawili ni panya."

Nilicheka. Ingefaa nilie.

Hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Siku moja ndugu yetu wa Nyamuswa alinijia ofisini na ujumbe kutoka kwa Mzee Makuru, rafiki wa baba aliyetahiriwa naye siku moja. Kijiji kinapimwa na viwanja vinagawiwa kwa mstari. Wazee wa rika lao wameomba mstari mmoja, nyumba zifuatane, ili mtungi wa pombe ukiwekwa kwa mmoja, wengine wafike na mirija yao bila kutafuta wa kuwashika mkono. Cha baba kiko katikati, Makuru amekichomekea mti wa alama. Ila lazima baba afike mwenyewe aandikwe jina.

"Mwambie leo leo," yule ndugu alinisisitiza. "Mwenyekiti hasubirigi mtu."

"Jumamosi nitampeleka mwenyewe," nikamjibu.

Sikumwambia baba. Nilijua ningemwambia jioni, angefungasha kitanda alfajiri, na upande mmoja wa kitanda hicho ungekuwa begani kwangu. Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili haikunyesha, ila ilionekana inaweza. Ya tatu, mwanangu, hata kisingizio sikuwa nacho, nilikaa tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Habari alizipata mwaloni, kwa mtu wa Nyamuswa aliyekuja kununua samaki wakavu. Alirudi mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja, akanikuta nakula.

"Hii habari ya kiwanja, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, baba."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliangalia sahani yangu, kisha akaenda kufunga sanduku lake.

Kesho yake tulipanda lori la mizigo lililopitia Butiama. Tulipofika tulimkuta Makuru amesimama kwenye ule mstari. Pale katikati, mtu aliyehamishwa kutoka milimani alikuwa amekwisha kuchimba msingi. Makuru alikuwa mtu wa utani, na siku hiyo utani wake ulikuwa na miiba.

"Magesa, mwanao ni msomi wa namna gani, safari ya nusu siku anaisoma wiki tatu? Kiwanja chako nimekilinda mpaka mwenyekiti akaniuliza kama nataka kuoa mke wa pili nimweke hapo!"

Baba alicheka kwa heshima ya rafiki yake. Mimi niliangalia chini.

Alipewa kiwanja cha mwisho kabisa, ng'ambo ya korongo, jirani na watu wema asiowajua hata majina. Nikamjengea kijumba cha bati, sakafu ya saruji, kizuri kuliko vyote vya mstari ule. Nilidhani bati litafunika kosa. Kiangazi aliweza kuvuka kwenda kwa wenzake. Masika korongo lilijaa, na miguu yake ilikuwa inazeeka haraka kuliko yeye. Makuru alipofariki, mvua ilikuwa ya siku tatu. Baba alipata habari wenzake wakiwa wamekwisha kumzika.

Safari hiyo nilikwenda. Nilimkuta ameketi mlangoni.

"Baba, nisamehe."

"Umenitunza vizuri," akasema. "Umenilisha, umenijengea. Ila hukuniuliza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua."

Aliishi pale miaka minne, kisha naye akafariki. Watu husema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amekwisha kuota ndevu na bado anakaa nami.

Basi sikia, mwanangu. Siku ya kuiacha nyumba kubwa itakapokufikia, usianze kwa kuhesabu vyumba wala kuuliza habari za bati. Uliza ni nani atakayegundua usipoonekana nje asubuhi, na kama utaweza kutembea mpaka kwake miguu ikichoka. Chagua mapema, ungali na nguvu ya kuchimba msingi wako mwenyewe, maana usipochagua, watoto wanaokupenda watakuchagulia mahali panapowafaa wao. Na kama leo wewe ndiye mtoto, muulize mzazi wako anataka kukaa wapi, kisha ukae kimya mpaka amalize kusema. Akiletewa ujumbe kupitia kwako, ufikishe siku hiyo hiyo, hata kama unajua utamwondoa nyumbani kwako.

Mungu akupe uzee wenye majirani. Kila kukicha asikosekane mtu wa kukuita kwa lile jina ulilopewa na mama yako, na wewe uwe na pumzi ya kumwitikia.