Mashahidi wa Halima

Harufu ya mwaka ule ilikuwa ya samaki wa kuanikwa iliyochanganyika na dizeli. Malori ya mradi wa gesi wa Afungi yalipita nyuma ya shule yetu kutwa, na kwa kuwa madirisha hayakuwa na vioo, sisi tuliivuta gesi puani kabla haijachimbwa. Wakubwa hawakuzungumza jingine ila kazi za huko. Baba yake Halima, binamu yangu niliyekaa naye dawati moja, alikwisha sema: akirudia darasa la saba tena, shule basi, atabaki nyumbani kukaanga maandazi ya wafanyakazi. Na kilichokuwa kikimwangusha Halima ni Kireno, lugha ya shule.

Basi profesori wetu, ndivyo tulivyowaita walimu, kijana mpole kutoka bara, akatupa insha ya mwisho, habari za bahari yetu, na papo hapo akatutia homa. Kuandika cha mwenzako bila kumtaja ni wizi, alisema, na mwizi atapata sifuri. Tulihangaika. Kwamba bahari ina chumvi, je, ni langu hilo au nimeliiba? Mimi, nisiyeweza kupishana na balaa bila kulisalimia, niliandika: “Bahari ina chumvi. Chanzo: ulimi wangu. Samaki akikaa juani hunuka. Chanzo: shangazi yangu, aliyemuuza.” Halima hakutania. Alifuata tulivyozoea chuoni kwa shehe, ambako habari ya Mtume haisemwi bila kutajwa nani kaipokea kwa nani. Akaandika kwamba wakati wa bamvua maji hutoka ufukoni yakaenda mbali sana, wanawake wakaenda kuokota chaza mpaka miambani. Kapokea haya kwa bibi yake Mwanashe, naye kwa mama yake Somoe, naye kwa Bi Zuhura, wote wakweli, wenye kumbukumbu nzuri. Kila sentensi na ukoo wake.

Karatasi ziliporudi, yake ilikuwa na sifuri nyekundu.

“Umenakili vitabu, hakuna sentensi yako hata moja,” profesori alisema. “Huyu Somoe kaandika kitabu gani?”

“Hakuandika, profesori. Alikuwa anaokota chaza.”

Darasa likacheka. Halima hakucheka wala hakukaa. “Ulisema tutaje tulikopata. Mimi nimepata kwao.”

Profesori akatugeukia. “Nani hapa hajui bamvua?”

Mkono mmoja tu ukainuka, wake mwenyewe, na hapo nikampenda yule bwana moja kwa moja. Alisema jambo tunalolijua sote halina haja ya shahidi, ila yeye alikuwa halijui, basi kwake yeye mashahidi wale ni halali. Akaifuta sifuri mbele yetu. Halima akafaulu, na maandazi yakakosa mkaangaji.

Leo yeye yuko sekondari, bado mbishi vilevile, na mimi bado namfuata nyuma. Kijiji chetu kilihamishwa kupisha uzio wa mradi. Ufuko wetu uko ndani, sisi tuko nje. Juzi mdogo wangu, aliyehamia huku akiwa mgongoni mwa mama, aliniuliza bamvua ni nini. Nikamweleza, akaandika, na chini akaweka jina langu. Nilitaka kumcheka, kwamba hilo hata kuku wanalijua. Halafu nikamwangalia. Hajawahi kuona maji yakitoka. Nikamsahihishia herufi za jina langu tu, nikamwacha aendelee.