Mwaka Bahari Ilipopanda, Kambo Hakuzima Moto

Juzi tu, mvua ikipiga mabati hapa Dilala, mtaa wetu wa migodini, wajukuu wangu walikuwa wamejikunyata mbele ya televisheni. Kimbunga kilikuwa kimeingia katika mji fulani wa pwani, sijui wa nchi gani, na watu wamekaa juu ya mapaa wakipunga nguo. Wajukuu wakatazama kidogo, wakasema "Pole yabo," kisha wakabadilisha kutafuta mpira. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimeinamia mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, nachokora majivu kuona kama bado limo kaa jekundu. "Kambo, unatafuta nini?" wakaniuliza. Kambo ni bibi, huku kwetu. Sasa ni mimi. Kaa nikueleze wewe, rafiki yangu, maana wale hawana subira.

Nililelewa na Kambo wangu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Nyumba za matofali, safu kwa safu, zote sura moja, hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani akavua viatu. King'ora kiliwaamsha wanaume, na sisi wasichana tukapuliza mbabula nje ya mlango mpaka macho yakatiririka. Kiangazi vumbi jekundu, masika tope jekundu. Siku ya posho tulipanga mstari kupokea unga, maharagwe, mawese na bitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi walionuka mtaa mzima. Nikisikia harufu ya bitoyo leo, mate yananitoka na machozi pia.

Karibu na soko palikuwa na mlingoti wenye kipaza sauti. Kila jioni kilitusomea habari, na ndicho kilichotuambia kwamba upepo mkubwa umeisukuma bahari ndani ya mji mmoja wa bandari huko Ulaya, maji yamefika madirishani, watu wengi hawaonekani. Kisha kikapiga muziki, utadhani kimetangaza bei ya unga.

Bahari! Nani kati yetu aliiona? Wanaume wakabishana. "Ni Lualaba yenye haina ng'ambo," akasema mmoja. "Wapi! Muto bila ng'ambo ni muto gani?" Katekista akasema ni Nuhu huyo amerudi, tutubu. Vijana wakacheka chinichini: sisi tukipita mtaa wa Wazungu jioni tunadaiwa karatasi, lakini upepo ule haukuomba ruhusa. Jirani yetu, mke wa dereva wa treni, alipandisha nguo zake zote juu ya kabati. "Kama mayi ilishinda bazungu na mashini yabo yote, huku nani ataizuia?" Mumewe akachimba mfereji kuizunguka nyumba, mvua ikaujaza, na mama wa watu akatoka mbio akipiga kelele kwamba bahari imefika. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kambo hakucheka.

Jina la mji ule alilijua. Kitindamimba wake, mjomba wangu, alikuwa ameondoka kwa treni kwenda magharibi akapata kazi ya kuchochea moto katika mashine ya meli, na meli yake ilipeleka shaba kwenye bandari ileile. Alipokuja likizo alitufundisha kulitamka jina hilo, akamletea mama yake blanketi la sufu lenye mistari ya kijani. Blanketi hilo halikuguswa na mtu mwingine.

Tangu jioni ile Kambo hakutulia. Alifika chini ya mlingoti kabla ya kila mtu, akaondoka wa mwisho. Tulisomewa Wazungu waliookolewa, tukasomewa ng'ombe waliozama. Ndiyo, hata ng'ombe! Baharia mweusi hakuna aliyemtaja. Niliwachukia wale ng'ombe, sikufichi. Mwalimu wangu alikwenda ofisini kuuliza, akaambiwa habari ikija mtaambiwa. Haikuja.

Wakapita mabibi wa Kizungu wakikusanya nguo za kuwapelekea waliofurikiwa, wakafika hata kambini. Watu wakanung'unika: tangu lini maskini akamfunika tajiri? Kambo aliingia ndani akatoka na lile blanketi. Jirani akamshika mkono. "Mama, hii si ile ya mutoto yako?"

"Njo maana," Kambo akasema. "Kama iko na baridi kule, itamufikia."

Kisha alasiri moja, nikirudi kutoka masomoni, nikakuta gogo kubwa limelazwa mbele ya mlango wetu. Kila mtoto wa kambi alijua maana ya gogo: ni la moto wa matanga, wanaume hulizunguka wakakesha na wafiwa. Wanawake walikuwa wameketi chini, na jirani alikuwa ameshatoa sauti ya kwanza ya kilio. Usiwalaumu, walikuja kwa upendo; walimwonea huruma mama anayekaa na uchungu bila kuulilia. Na desturi yetu ilikuwa hii: penye msiba jiko huzimwa, majivu hutupwa, chakula hutoka kwa majirani. Mama mmoja mzee alikuwa ameshaishika mbabula yetu aimwage.

Kambo akamtoa mkono. "Acha moto yangu! Matanga ya nani? Ni nani alishaona maiti?"

"Mama, lia, roho ipumzike."

"Yeye anachunga moto kule, mi nachunga huku. Nikizima, atarudia wapi?"

Akateleka maji. Hapo nikamwelewa: anawapikia. Nyumbani kwa marehemu hapapikwi, kwa hiyo atakayekula chakula kile amekubali kwamba mjomba yu hai. Alisonga bukari, ugali wetu, jasho likimdondoka, akaipakua pamoja na sombe, yale majani ya muhogo, na bitoyo, akaiweka katikati ya watu waliokuja kulia. Harufu ikazunguka. Hakuna mkono ulionyooka. Niliwatazama mmoja mmoja nikiwasihi kimoyomoyo, kuleni, tafadhali kuleni. Mwisho jirani yetu, yule wa kabati, akafuta machozi, akanawa, akamega tonge. "Iko moto sana," akasema, sauti bado ya kilio. Basi wakala wote. Wanaume wakalibeba gogo lao wakarudi nalo.

Moto ule haukuzimwa tena. Jioni Kambo aliyafunika makaa kwa majivu, alfajiri mimi nikayachokora roho ikiwa juu. Majirani wakaanza kuja kuomba kaa kwetu, hata wenye viberiti, na hawakusema kwa nini. Masika yakapita, kiangazi kikapita, na kila treni ilipolia Kambo aliongeza makala. Hata kwenye kucheza kamba sikio langu lilikuwa njiani.

Mjomba hakuja. Wala habari yake haikuja, mpaka leo ninapozungumza nawe.

Kambo alifariki muda mfupi kabla bendera ya Wabelgiji haijabadilishwa. Gogo likarudi mlangoni, na safari hii hakuwapo wa kulikataa. Jirani ndiye aliyeibeba mbabula nje. Makaa yalikuwa bado mekundu alipoyamwaga kwenye tope. Akanigeukia. "Lia sasa, mwana. Balilie bote babili."

Nikawalilia wote wawili, na sauti ikanikauka.

Mlingoti haupo tena. Nyumba za kambi zimejengewa kuta na mageti, na upande wa mtaa wa Mashamba machimbo yamekula ardhi tuliyookotea uyoga. Hakuna anayegonga kuomba moto. Hawa wajukuu wameona miji mingi ikizama kuliko kambi yetu nzima ilivyowahi kusikia, na sijaona blanketi likitoka kabatini. Inaniuma, nakwambia wazi.

Juzi ile, chini kabisa ya majivu, nilikuta kaa moja hai. Nikaweka makala, nikapuliza. "Kambo, umeme iko! Ya nini tena makala?" wakapiga kelele kutoka ndani.

"Kuna mutu iko mu njia," nikawajibu, nikaendelea kupuliza.