Alama ya Kumi Chini ya Mlango

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Ijumaa kule Bigo, mtaani kwetu Bunia, miaka ile tulipoitwa Wazaire. Nilikuwa na umri kama wako na akili pungufu ya yako. Nilisimama mbele ya motokari nyeusi ya mjomba wangu, kopo mkononi, nikijiuliza: nijaribu ao nisijaribu?

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja hapa na chupa zako tatu, moja ya matairi, moja ya vioo, na moja sijui ya nini, inanukia kama pipi. Ukaniuliza kama hizi dawa mpya za kung'arisha magari uziingize katika kazi yako ya kuosha magari ao uziache. Sikukujibu, ukadhani nimelala. Kweli nilikuwa nimeanza kusinzia, nisikudanganye. Lakini jibu lilikuwa njiani, linakuja polepole kama mimi mwenyewe.

Unajua mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Bigo hadi Saio kwangu ni safari; nikifika Ngezi naanza kutafuta mwenyeji wa kunilaza. Ujanani nilikuwa vivyo hivyo. Wenzangu walikwenda kutafuta dhahabu, wengine wakateremka ziwani kununua samaki. Mimi nilibaki uani, karibu na chungu cha mama. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Mama aliitundika diploma yangu ukutani, nami nikakaa chini yake kuilinda isianguke. Mjomba Udaga, kaka ya mama, aliponiona nalinda ukuta bila mshahara, akanipa kazi: kuosha motokari yake kila Jumamosi.

Mjomba alikuwa ameendesha malori ya kahawa miaka mingi kabla ya kupata motokari yake mwenyewe, tena kuukuu. Aliipenda kuliko baadhi yetu. Ufunguo wake ulikaa shingoni mwake kwa kamba, pamoja na msalaba, na sijui ni kipi alichokishika zaidi wakati wa misa.

Sheria za kuosha zilikuwa zake. Kwanza maji matupu, kabla jua halijauma. "Vumbi ya Bunia hapana sugua," alikuwa akisema. "Unaiomba, inashuka yenyewe." Kisha sabuni kidogo, kisha vipande vya vitenge vya mama vilivyochakaa hadi vikawa laini kama sikio la mbuzi. Mwisho nta ya nyuki aliyoiyeyusha na mafuta ya taa, unaipaka kidogo kidogo, duara juu ya duara, mpaka mkono usahau kuwa ni wako. Kazi ya nusu siku. Mimi mvivu niliona ni adhabu.

Ikafika juma la harusi ya dada yangu Vive. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Mahagi, na motokari ya mjomba ndiyo ingemchukua bibi-harusi kutoka mlangoni kwetu hadi kanisani. Mjomba akaniita.

"Weye ndiye utaiosha," akasema. "Ikingaa muzuri mbele ya ba wakwe, kwa mara ya kwanza nakupa ufunguo. Nakufundisha kuendesha."

Mwanangu, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuushika ufunguo ule. Sikuulala usingizi wa mchana siku hiyo, na wewe unajua hilo kwangu ni jambo kubwa.

Kumbe rafiki yangu Bahati, dereva wa lori la kwenda upande wa Uganda, alikuwa amerudi na kopo. Ndani mlikuwa na dawa nyeupe kama ya meno, inanukia ndizi mbivu. Juu yake palichorwa motokari inayowaka kama jua.

"Unapaka, unapangusa, unajiona sura," akaniambia.

"Mjomba hapendi vitu vipya. Yeye ni nta yake tu."

"Mujomba yako iko mutu wa zamani! Na weye ulisoma juu ya nini? Ya kulinda ukuta?"

Neno hilo lilinichoma. Maandishi ya kopo yalikuwa ya Kiingereza, nami nilisoma Kifaransa, lakini niliyatazama kwa muda mrefu nikitikisa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ijumaa ile nikaanza na mahali panapoonekana kuliko pote, katikati ya kapo, kile kifuniko cha injini. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikapaka kama ninayepaka siagi kwenye mkate wa mtu mwingine. Nikasugua kwa nguvu zote nilizokuwa nimeziweka akiba tangu nizaliwe. Kitambaa kikatoka cheusi, nikafurahi: tazama uchafu ambao nta ya mjomba imeuacha!

Haukuwa uchafu, mwanangu. Ilikuwa rangi.

Dawa ilipokauka, nikaona duara la kijivu, kubwa kama sahani, limefifia kama jicho la mbuzi aliyekufa. Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikaongeza dawa. Sahani ikawa sinia.

Sasa sikiliza ujinga wa pili, maana wa kwanza haupendi kutembea peke yake. Kwetu motokari ya harusi hupambwa maua. Basi nikakata maua mekundu ya ua wa jirani, nikakata na ya jirani wa pili, nikayafunga juu ya sinia langu, rundo juu ya rundo. Jumamosi asubuhi shangazi yangu akatoka, akasimama, akashika kiuno.

"Hii iko motokari ao iko altare ya Pasaka?"

Watu wakacheka. Mjomba akaja katika koti lake la harusi, akaketi kwenye usukani, kisha akashuka.

"Na mi nitaona barabara namna gani?"

Akanyoosha mkono kuyapunguza maua. Nikaruka mbele yake. "Hapana, mjomba! Yaache! Dada Vive mwenyewe aliyataka hivyo."

Vive alikuwa barazani, nguo nyeupe, wanawake wakimnyoosha pindo. "Mimi?" akasema. "Lini?"

Mjomba akayainua maua. Akaona. Nami nikamwona anaona. Mkono wake ulikwenda shingoni, ukaushika ufunguo, ukakaa hapo. Nilingoja kelele. Badala yake akayarudisha maua, machache kuliko mwanzo, akayapanga vizuri juu ya aibu yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Bibi-harusi apite kwanza. Maneno itangoja."

Harusi ilikuwa nzuri, naambiwa. Mimi, ambaye sijawahi kukosana na sahani, niliikataa nyama mara mbili, mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili baada ya misa nilikwenda mwenyewe kwa mjomba, kopo mkononi, nikamweleza yote, hata ya kutikisa kichwa mbele ya Kiingereza. Akaufungua mlango wa motokari upande wa dereva.

"Chuchumaa. Angalia huku chini."

Chini kabisa ya mlango, ukingoni, mahali ambapo hakuna jicho linalofika bila magoti, palikuwa na alama zimepangwa safu, kila moja kubwa kama kidole gumba. Nikazihesabu: tisa.

"Hii dawa ilitoka Kisangani," akasema, akigusa ya kwanza. "Ilingaa siku tatu, mvua ikanyesha, ikageuka sawa maziwa. Hii nilipewa na fundi moja. Inashika vumbi sawa gundi. Hii ya ine iko nta yangu." Hiyo ya nne ilikuwa bado inang'aa. Akaenda hivyo mpaka ya mwisho, ya kijivu, iliyofifia. Nikaitambua hata kabla hajasema. "Na hii iko kopo yako. Bahati alinipa mimi kwanza, safari yake ya mwezi moja imepita."

Nikaketi chini kabisa. "Mjomba! Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Diploma nzima, na somo la kuuliza halikuwamo.

"Weye ulifikiri muzee hapana jaribu kitu," akasema. "Muzee anajaribu kila kitu. Lakini hapana jaribu kwenye uso wa bibi-harusi."

Kisha akalichukua kopo, akachota kidogo, akakisugua kile chuma cha mbele kilichokuwa na kutu. Kikang'aa mpaka nikajiona sura, kama Bahati alivyoahidi, na sura niliyoiona haikunifurahisha. "Dawa yenyewe iko muzuri," akasema. "Kazi yake iko chuma. Weye uliipa rangi."

Ufunguo sikupewa. Nilirudi kwenye vitenge na nta, Jumamosi baada ya Jumamosi, na sinia langu likabaki pale katikati, maana rangi ikiondoka hairudi kwa kuombwa. Mji mzima ulilijua. Kisha, misimu miwili ya mvua baadaye, mtu akanipa sabuni mpya ya maji. Mjomba alitoka nyumbani akanikuta nimepiga magoti kando ya mlango uliofunguliwa, nachora alama ya kumi kwa kidole gumba. Nilisikia tu kamba ya ufunguo inashuka shingoni kwangu.

Basi jibu lako ndilo hilo. Usikikatae kitu kwa sababu ni kipya, wala usikimeze kwa sababu mwenzako amekucheka. Uliza kwanza, huenda kuna mzee aliyekwisha kuungua kwa ajili yako. Kisha jaribu mahali ambapo ukikosea unaaibika peke yako, si juu ya gari la mtu aliyekuamini. Ukipe kitu jua, ukipe na mvua, ndipo ukisifu. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, usikimbilie maua ya jirani. Hata mama yako alinijaribu mvua mbili kabla ya kunikubali, na mpaka leo hajasema mimi ni alama ya ngapi.

Motokari ya mjomba ilikufa zamani. Mlango niliuomba, nao ndio mlango wa banda langu la kuku, ule unaouliza kila siku kwa nini siuuzi. Kesho lete chupa zako tatu. Piga magoti hapo. Baada ya alama yangu ya kumi pana nafasi kubwa, na kuku hawana maneno.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo wa kungoja. Kila ulichokabidhiwa kirudi kwa mwenyewe kizuri kuliko kilivyokuja, na shingo yako isikose ufunguo wa mtu anayekuamini. Nenda sasa, uniache nisinzie.