Kinyama cha Refa Menino

"Babu, hicho kinyama jichoni mwako kilitoka wapi?"

Carla aliuliza swali hilo akiwa na miaka sita, amekalia mapaja ya Menino katika nyumba yao ya ghorofani, Flemingdon Park, Toronto. Aliuliza kwa Kiswahili, maana babu yake akiulizwa kwa Kiingereza kabla ya chai hujifanya kiziwi. Menino alifikiri kama shahidi mahakamani, kisha akasema ni punje ya pilau iliyomrukia alipokuwa akichungulia sufuria ya watu. Mwaka uliofuata kikawa busu la nyuki. Siku ya komunyo ya kwanza kikawa ukucha wa malaika. Carla aliamini punje, akamshuku nyuki, na kufikia malaika alikuwa akiuliza tu ili asikie uongo mpya.

Zamani, Nairobi, Menino alikuwa karani siku za kazi na Jumamosi refa wa hoki, ile ya kukimbia kwa miguu, si hii ya barafu. Toronto nako, mechi ya pikiniki ya Wagoa wenzake kila Julai ilikuwa ya filimbi yake. Mpaka kiangazi kile alipokubali goli la mpira uliopita kando na kutua kwenye sinia la sambusa. Shane, golikipa, alimuuliza kwa adabu kama sambusa nazo zinahesabiwa. Watu walicheka, ila kamati haikucheka: asipotibiwa macho, filimbi itakwenda kwa kijana Darryl. Na Darryl, kwa maoni ya Menino, hawezi kuamua hata ugomvi wa kuku.

Basi mkewe, Celine, akamburuta hadi kwa daktari wa macho huko North York, Carla akiwafuata, wakati huo tayari ni msichana wa sekondari. Daktari Fareen, aliyekulia Tanga, alieleza kwamba kinyama kimetambaa kutoka pembe ya jicho hadi karibu na mboni. Chanzo kikubwa ni jua, upepo na vumbi vya miaka mingi. Hata theluji huakisi jua na kumchoma mtu machoni. Vingi havina neno, ila vichache huwa saratani, hasa kwa wazee waliopigwa sana na jua na kwa wavuta sigara. Kitakatwa, kipelekwe maabara.

"Ulikuwa mkulima, mzee?"

Karani, alijibu. Sigara? Harusini tu, akasema, na Celine akakohoa. Basi jua lote hilo ulilipatia wapi? Menino akataja hoki. Fareen, ambaye baba yake pia alikuwa refa, akakunja uso: marefa ni wawili, kila mmoja na upande wake mpaka mwisho, kwa hiyo mmoja huchomwa na jua la jioni na mwenzake huligeuzia mgongo. Vipi yeye achomwe kila Jumamosi?

Menino akawa anausoma kwa makini mkoba wa mkewe.

Upasuaji alikubali. Miwani ya jua alikataa katakata, ingawa aliambiwa kinyama kinaweza kuota tena. Refa akificha macho, alisema, watu watadhani ameuza mechi.

"Lakini babu," Carla akamchokoza, "ukivaa, hakuna atakayejua unatazama wapi."

Menino akauliza ipi ndiyo nyeusi kuliko zote.

Majibu ya maabara yalikuja mazuri, na Julai filimbi ikarudi shingoni mwake. Alifika amevaa kofia pana na miwani nyeusi, Shane akamuuliza kama amekuja kuchezesha au kuiba benki. Celine alikunjua kiti chake chini ya miti, upande wa magharibi, penye kivuli. Darryl, refa wa pili, kwa heshima akamwachia mzee upande huohuo. Menino akavuka uwanja, akasimama ng'ambo, jua likimpiga usoni.

Carla alimkimbilia. Alikuwa amekasirika kweli. Jicho lile lilikuwa limepona juzi tu. Akamsihi arudi kivulini. Babu akatikisa kichwa. Ndipo Carla akamtazama alivyoinua kidevu kuelekea kile kiti cha Celine, akauliza tena, polepole, kwa Kiswahili, kinyama kile kilitoka wapi.

Menino alipangusa filimbi kwa shati.

"Nyanyako tangu Nairobi hupenda kukaa kivulini," alisema. "Na refa wa upande ule humpa mgongo mechi nzima."