Mawe ya Frigoliti

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla jirani hajanitangulia: niliamini kwamba waya wa moto ukikataa kukata vizuri, dawa yake ni kuuongezea moto. Nilikuwa darasa la sita, mwenye alama nzuri za hesabu, na bado niliushika waya ambao tayari ulikuwa mwekundu kama jicho la mlevi, nikaufupisha ili uwe mwekundu zaidi. Harufu iliyotoka hapo ninayo puani hadi leo. Frigoliti, yale mabonge meupe mepesi yanayobana televisheni mpya ndani ya katoni, ikiungua hainuki kama kitu cha hapa duniani. Ina utamu wa uongo, kama peremende iliyosahauliwa juu ya mbabula ya makaa, na inakukaa kooni kama deni. Iliingia kwenye pazia, ikaingia kwenye nywele zangu, ikaingia hata kwenye sufuria ya maharagwe iliyokuwa na kifuniko. Jioni ile nyumba nzima tulikula maharagwe yenye ladha ya televisheni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mama hakuniambia pole. Aliniambia, "Kula."

Tulikaa Ndosho, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkeno, kama nyumba zote za jirani. Kwetu ukitaka kuchimba shimo la choo unaita watu wenye nyundo. Mlima ulipomwaga moto wake mjini, zamani kidogo kabla ya msimu ninaousimulia, uliwaachia watu wengi mawe na ukaondoka na mipaka ya viwanja vyao, na tangu hapo kila mtu alijua kiwanja chake kinaishia wapi, ila jirani yake tu ndiye aliyekosea. Kati yetu na Mama Kahindo palikuwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, unaofika kifuani mwa mtu mzima. Mama Kahindo alisema mama yangu anausukuma usiku. Mama yangu alisema Mama Kahindo anausukuma mchana, bila hata aibu. Mimi nilichoona ni kwamba ukuta ulikuwa unanenepa tu, maana kila mmoja alikuwa akiongeza mawe upande wake. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hakuna methali inayosema cha kufanya zizi likiwa limeshajengwa na fahali wote wawili wakiwa wanasali pamoja kila Alhamisi.

Ndiyo, walisali pamoja. Walikuwa shirika moja, yaani zile familia za jirani zinazokutana kila wiki kusoma Injili na kupelelezana. Kila Noeli, kila shirika lilitengeneza kreshi yake, pango la Bethlehemu lenye sanamu zote, likaipeleka parokiani ili watu waangalie na kulinganisha. Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Hakuwa na cheo kingine duniani. Baba alikuwa mtu wa biashara ya maharagwe, akija kutoka Rutshuru kama mgeni anayeleta zawadi, na mama alikuwa mwenye nyumba, mwenye ukuta na mwenye kreshi. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amejenga pango kwa mawe ya kweli, akalipakia juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na pale kwenye mteremko ubao ukavunjika. Pango lilimwangukia Mtakatifu Yosefu. Punda hatukumpata tena. Mama Kahindo alisimama kwenye sala ya Alhamisi akasema taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Bandugu, mwaka kesho mimi nitafanya kreshi. Mama Furaha anachoka." Furaha ndiye mimi. Wazazi wengine huwapa watoto majina kwa matumaini tu.

Shirika lilimpa mama nafasi moja ya mwisho. Mwaka huu pango likiharibika, kreshi inahamia ng'ambo ya ukuta. Mama hakulala vizuri kuanzia mwezi wa kumi. Alikuwa akikoroga ugali huku akiangalia ukuta ule kama mtu anayetafuta mahali pa kuuma.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la frigoliti. Sikuwa mtoto wa kucheza nje. Watoto wengine walicheza mpira juu ya mawe na kurudi na magoti yaliyochunika, mimi nilikaa jikoni nikifungua vitu ambavyo havikuniomba kufunguliwa. Nyuma ya duka moja la televisheni walikuwa wakitupa frigoliti kwa marundo, nami nilifikiri: tukichonga mawe ya frigoliti na kuyapaka rangi nyeusi, chukudu itaona kama imebeba hewa. Fikiria mji ambao jiwe ndicho kitu pekee kisichohitaji kutafutwa, na mtoto anafunga mlango ili atengeneze mawe ya bandia. Kisu kilinishinda, kilirarua frigoliti ikawa punje nyeupe zilizotuandama hadi kwenye chai. Nikakumbuka resho, lile jiko dogo la umeme, iliyokuwa chini ya kitanda, haikuwa na kazi kwa sababu umeme wenyewe ulikuwa unakuja kama baba. Nikautoa ule waya wake uliojikunja kama nywele, nikaunyoosha, nikaufunga kwenye ncha mbili za mwanzi uliopindwa kama upinde. Upinde ulikuwa na sababu yake: waya ukipata moto unarefuka na kulegea, na mwanzi ukitaka kujinyoosha unauvuta tena. Kisha nikachukua betri ya redio ya baba, nikabana waya huku na huku.

Hapo ndipo pale nilipoanzia, penye upumbavu. Bonge la kwanza halikukatika, lilikimbia. Frigoliti ilirudi nyuma ikiogopa waya, ikayeyuka, ikajaa matundu, ikawa kitu chenye majeraha. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti: "Weye mutoto! Unachoma nini? Unataka kutuua?" Mimi nilikuwa nakohoa tu. "Mama Furaha! Ule mutoto wako anapika plastiki!" Mama akamjibu kutoka uani, "Kwetu tunapika tunachopata. Weye funga pua yako!" Niliposogeza kibanio ili waya uwe mrefu, moto ukapungua, na ghafla waya ukapita ndani ya frigoliti kimya kimya, kama kisu ndani ya siagi, ukiacha uso laini kama karatasi. Nilifurahi nikakata mawe laini mengi. Yalikuwa mazuri kama sabuni, na hicho ndicho kilichoyaharibu. Mama aliyatazama akasema, "Hizi ni sabuni."

Ndipo nikaliona lile bonge la kwanza, lililoungua, kando ya mlango. Lina matundu makubwa na madogo, kingo zimechomwa zikajikunja, tumbo limebonyea. Nikatazama ukuta wa Mama Kahindo. Nikatazama bonge. Mlima nao, nikafikiri, haukujua kupunguza moto. Moto huzaa jivu, wahenga walisema, lakini wahenga hao hawakukaa Ndosho: kwetu moto huzaa mawe. Kuanzia siku hiyo nilikata umbo kwa waya mrefu, halafu nikaufupisha waya na kulichoma jiwe pole pole upande kwa upande, pua nimeifunga kwa kitambaa. Kila asubuhi ya likizo nilikaa juu ya ndoo mbele ya ukuta na kunakili. Sikubuni hata jiwe moja. Lile lenye nundu kama ya ng'ombe, lile lenye shimo linaloweza kuingia yai, lile lililopasuka katikati kama mkate, yote nilichukua sura yake. Rangi ya dukani inayeyusha frigoliti, kwa hiyo nilikoroga masizi ya sufuria katika uji mzito wa muhogo nikapaka kwa mkono. Yakikauka, hata mimi niliyeyatengeneza nilikuwa nakaza mgongo kabla ya kuyainua. Mama Kahindo aliniona nikikaa pale. Ningekuwa na akili, ukimya wake ungenitisha.

Jumapili iliyotangulia Noeli tulipakia pango kwenye chukudu, na kijana aliyelisukuma aligeuka mara kwa mara kuangalia kama halijadondoka, kwa jinsi asivyosikia uzito. Lilifika zima. Tuliliweka uani mwa parokia katikati ya kreshi nyingine za majani na makaratasi, na watu wakaanza kusogea, kwanza watoto, halafu akina mama. Mama alisimama pembeni na kitenge kipya, akifanya uso wa mtu ambaye hajui watu wanaangalia nini. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Mama Kahindo akapenya katikati ya watu. Aliinama, akanyoosha kidole kwenye jiwe lenye nundu, kisha kwenye lile la shimo la yai, na uso wake ukageuka. "Ona! Bakristu, ona mwizi!" alipiga kelele. "Hizi majiwe ni za ukuta yangu! Hii najua, na hii najua. Ule mutoto alikuwa anakaa kila asubuhi anachagua! Mama Furaha, utanirudishia majiwe yangu moja moja!" Kuambiwa mwizi wa mawe mjini Goma ni kama kuambiwa mwizi wa mvua, lakini kila mtu pale alikuwa na mpaka wake na jirani yake, na niliona vichwa vikianza kukubali. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ameshainama, akanyakua jiwe lenye nundu, lenye ukubwa wa kichwa cha mtu, akaliinua kwa mikono miwili. "Unataka majiwe yako?" akasema. "Shika!"

Akalirusha kwa nguvu zake zote.

Kelele zilizopigwa sijazisikia tena. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto macho. Mama Kahindo alijikinga kwa mikono, akarudi nyuma, akakaa chini katikati ya tope la mvua na kitenge chake cha Noeli, na jiwe likamgonga kwenye kilemba, tap, likaruka, likatua pale kando na kuyumba kwa upepo. Halafu mtoto mmoja akacheka, na baada ya yeye uani pote pakacheka, hadi katekista akashika ukuta. Mimi nilicheka hadi nikaumwa mbavu. Mama peke yake hakucheka. Aliangalia mikono yake, nami nikadhani anaangalia masizi.

Alhamisi iliyofuata mkubwa wa shirika, Papa Deo, mtu mpole aliyechukia kesi kuliko dhambi, alisema kreshi imependeza, ila mama anayerusha vitu mbele ya pango la Bwana apumzike kidogo. Kreshi ikahamia ng'ambo ya ukuta. Mawe yangu nayo yakahamia, kwa kuwa yalikuwa mali ya shirika, na Noeli nyingi baada ya hapo nilipita mbele ya pango la Mama Kahindo, nikaona mawe yangu yakisifiwa kwa jina lake. Mama hakuomba tena kazi yoyote ya kanisa. Aliongeza mawe kwenye ukuta.

Sasa mimi ndiye mwenye nyumba ile. Mama alikufa, na kwenye matanga yake Mama Kahindo alikuja, akakaa benchi la mwisho, akasema maharagwe hayakuiva. Ukuta umekuwa wa bloku na saruji, mwembamba kuliko ule wa zamani, na bado anasema umeingia kwake. Kazi yangu ni mapambo ya harusi, mataji na mioyo na njiwa za frigoliti, na kazi haikosekani, maana miaka hii watu wanaoana haraka, hakuna anayejua kesho wenye bunduki gani watashika barabara. Waya wangu siku hizi una kitufe cha kupunguzia moto. Sitoki. Wateja wananikuta nyumbani, ninawapa kiti na kuwasimulia kisa cha mama na jiwe, wanacheka na kusahau kuniomba nipunguze bei. Kwa miaka yote hiyo nimekisimulia kama kichekesho, na ni kichekesho kizuri, najua mahali pa kunyamaza na mahali pa kusema "tap".

Wiki iliyopita nilikuwa nakisimulia tena, bibi harusi mtarajiwa akifuta machozi ya kicheko, niliponyanyua macho nikaona kilemba cha Mama Kahindo juu ya ukuta. Amezeeka, anasimama juu ya kitu ili atuone. Alingoja nimalize. Alingoja mgeni amalize kucheka. Kisha akasema:

"Furaha, ile jiwe ilikuwa mwepesi kwa sababu ya frigoliti. Haikukuwa kwa sababu ya roho nzuri ya mama yako."