Jumapili Tuliyomtoa Mshambuliaji Wetu

Timu yetu ilikuwa ya Warundi na Wakongo wa kusini mwa Stockholm, na mimi nilikuwa kocha kwa sababu goti langu lilikuwa limekataa kucheza. Wote walicheza bure isipokuwa mmoja, mshambuliaji, kijana wa Bukavu. Tulimlipa kwa michango yetu, tena vizuri, ili asifanye kazi ya usafi mwishoni mwa wiki. Wenzake walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka zamu za jikoni na za nyumba za wazee, wakamkuta amelala vya kutosha. Alipokuwa anafunga hawakusema kitu. Alipoacha kufunga, maneno yakaanza.

Vuli ile timu moja ya Upplands Väsby ikamtaka. Pesa haikuwa nazo, ila ilikuwa tayari kutupa mabeki wawili na kipa. Mwenyekiti akaitisha kikao baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Vårby gård.

Nikiwa kwenye treni, dada yangu alinipigia kutoka Bujumbura. Mama alikuwa amefariki asubuhi. Nilisema, "Sawa." Nikamuuliza kama mvua inanyesha huko. Akasema inanyesha. Treni ilipofika nikashuka, nikaenda kikaoni, maana ndiko nilikokuwa nikienda.

Sikumwambia mtu. Nilipewa kahawa, nikaishika.

"Nyuma tuko wazi kama soko," alisema mweka hazina. "Mabeki wawili na kipa kwa mtu mmoja, mnataka nini tena?"

Mzee mmoja Mkongo akasimama. "Mais non! Hapana! Utatoa ng'ombe wa maziwa upewe kamba tatu?"

"Ng'ombe mwenyewe hakamuliki tangu Agosti!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikajisikia nikicheka. Walipopiga kura, mikono ikalingana. Mwenyekiti akanigeukia.

"Kocha, hujasema neno. Abaki au aende?"

Nilifikiri juu ya mabeki, nikaona tunawahitaji. Nilifikiri juu ya mama, nikakuta ganzi tu.

"Aende," nilisema.

Wakanituma nikamwambie kijana. Alikuwa akisubiri kwenye korido, ameketi chini ya makoti yaliyotundikwa. Aliponiona alisimama, akanitazama usoni.

"Yaya," aliniita, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "nani amekufa?"

"Mama."

Alinikumbatia. Habari za kikao hakuuliza. Aliingia mwenyewe ukumbini akawaambia wote, na yule mzee wa ng'ombe akaanza kuomba kwa sauti. Kisha kijana akanisindikiza hadi nyumbani kwangu Rågsved, amebeba begi langu, tukabadilisha treni Slussen. Binti yangu alifungua mlango, akauliza kwa Kiswidi kuna nini. Kijana ndiye aliyechutama mbele yake akamjibu, taratibu, "Bibi yako ametutoka, mama."

Wiki yote ya matanga ilikuwa mikononi mwake. Aliazima viti kwa majirani, alipokea wageni, alimsaidia mke wangu kupika. Watu walilia sebuleni kwangu, nami niliwapa chai. Siku ya mwisho tulibaki wawili jikoni, yeye akiosha vikombe huku akiimba, mimi nikikausha.

"Kikao kiliamua nini?"

"Uende Väsby."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema uende."

Alisuuza kikombe, akanipa. "Siku ile hukuwa unajielewa, yaya."

"Hata leo ningesema hivyo hivyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni sawa. Mabeki wenu hawawezi kukaba hata kiti." Akaendelea kuosha, lakini hakuimba tena kama alivyokuwa akiimba.

Mabeki walikuja, vijana watulivu, wakatufaa. Hatukushuka daraja. Yeye huko Väsby alianza kufunga tena, na tulipokutana nao majira ya kuchipua alitufunga mawili. Baada ya la pili alipita mbele yangu, akanipungia mkono kidogo. Watu wa upande wetu wakanitazama waone uso wangu utafanya nini.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama najuta. Nilijitafuta kwa bidii, kwa ajili yake, kwa sababu tangu msiba alikuwa akisubiri nihisi kitu chochote.

"Tulihitaji mabeki," nilimwambia.

Akaniwekea chakula, nikala.